Sadaka ya mjane: kwa nini tunaanzia mstari wa 41?

Mwanzisha mada, Mbale

Ndugu zangu, najua hoja hii itawaudhi baadhi yenu, lakini nimeinyamazia vya kutosha. Kila msimu wa mavuno, na kila kanisa linapotafuta bati au saruji, mjane wa Marko 12 huitwa mimbarini. Tunaambiwa: yeye alitia senti mbili katika sanduku la hekalu, riziki yake yote, wewe unashikilia nini? Kikapu kinapita, kisha kinapita tena.

Swali langu ni hili. Yule mjane ni mfano wa kuigwa na maskini, au ni shahidi dhidi ya waliokuwa wakipokea? Mimi ni Mwanglikana, nimekulia kanisani, na naamini ni shahidi.

Habari ya mjane tunaisoma kuanzia mstari wa 41. Rudini nyuma mistari mitatu tu. Kuanzia mstari wa 38 Yesu yuko hekaluni anawaonya watu juu ya waandishi: wanapenda mavazi marefu, wanapenda kuamkiwa sokoni na kukaa viti vya mbele, nao "hula nyumba za wajane", halafu wanasali sala ndefu kwa unafiki. Anasema hukumu yao itakuwa kubwa zaidi. Baada ya neno hilo, mjane ndiye anayefuata. Tumetoka tu kuambiwa nani anakula nyumba za wajane, na sasa tunaona mjane asiyebaki na kitu. Kisha sura ya 13 inaanza, mwanafunzi anastaajabia mawe makubwa ya hekalu, na Yesu anamjibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Nyumba ambayo mama yule ameitolea senti zake za mwisho imeshahukumiwa.

Luka amepanga mambo kwa utaratibu uleule, ila kwake onyo limeangukia mwisho wa sura ya 20 na mjane mwanzo wa sura ya 21. Mgawanyo wa sura tunaoutumia uliwekwa karne ya 13. Luka mwenyewe hakuacha pengo hapo. Tumelifanya pengo hilo kuwa ruhusa ya kuhubiri nusu ya maneno.

Tazameni pia asichokisema Yesu. Alipomaliza habari ya Msamaria alimwambia mwanasheria aende akafanye vivyo hivyo. Hapa hakuna amri kama hiyo. Anawaita wanafunzi, anawaonyesha, anasema huyu ametia kuliko wote kwa kuwa wengine wametoa katika ziada yao. Basi. Msomi wa Biblia Addison Wright aliandika mwaka 1982 kwamba maneno yale ni maombolezo kuliko sifa, na tangu hapo wasomi wanabishana. Mimi nimesimama upande wake.

Na fedha yenyewe ilikuwa kiasi gani? Denari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kama tunavyosoma katika Mathayo 20. Senti zile mbili zilikuwa sehemu moja ya 64 ya denari. Tuseme kibarua wa shamba huku kwetu analipwa shilingi 10,000 kwa siku: alichotia mama yule ni kama shilingi 156. Hainunui hata chapati. Hekalu lile lililokuwa likimeremeta halikuzihitaji. Yeye alizihitaji.

Torati ilikuwa imeshasema mjane akae upande gani wa sanduku. Kumbukumbu la Torati 14 inaagiza kwamba kila mwaka wa tatu fungu la kumi liwekwe malangoni, ale Mlawi, mgeni, yatima na mjane, washibe. Mjane ni mpokeaji. Ukimkuta anatoa riziki yake ya mwisho, jua kuna watu walioacha kufanya kazi yao. Malaki pia tunamkata vipande. Malaki 3:10, "leteni zaka kamili", inajulikana hata na watoto wa Sunday school. Mistari mitano kabla yake, Mungu anasema atakuja upesi kuwashuhudia wanaomdhulumu kibarua mshahara wake, mjane na yatima. Huo sijawahi kuusikia siku ya mavuno.

Sasa tuje nyumbani, maana Uganda kula nyumba za wajane si fumbo. Mume anazikwa, matanga hayajaanuliwa, na shemeji wameshabeba pikipiki, wameshaficha karatasi za kibanja, wanamuuliza mama atarudi kwao lini. Sheria ya Urithi ilirekebishwa mwaka 2022, fungu la mwenzi aliyebaki likapanda kutoka asilimia 15 hadi 20 ya mali, na haki yake ya kukaa katika nyumba ya ndoa ikatiliwa nguvu. Ni jambo jema, lakini siku ile ya mazishi mwanasheria hayupo. Aliyepo ni mchungaji, au katekista, ameshika kipaza sauti mbele ya ukoo mzima. Hiyo ndiyo nafasi ya kusema: nyumba hii ni ya mama huyu na watoto wake, asiiguse mtu. Mara nyingi hasemi, kwa kuwa shemeji wale ndio wenye viti vya mbele na ndio watakaotoa mifuko ya saruji. Miezi miwili baadaye mama yuleyule anaulizwa ahadi yake ya ujenzi iko wapi.

Katekista, Kasese

Kaka, umesema kwa uchungu na nakuheshimu. Lakini angalia usimnyang'anye maskini kitu ambacho hata shemeji hawakukichukua, yaani heshima ya kutoa. Kigango chetu hakikujengwa na tajiri yeyote. Kilijengwa na akina mama walioleta kahawa kikapu kimoja, mihogo, kuku wa mnada baada ya Misa. Wengi wao ni wajane. Ukiwaambia "ninyi msitoe, ninyi ni wa kusaidiwa", utawaumiza kuliko njaa. Wamakedonia katika 2 Wakorintho 8 walikuwa katika umaskini mkubwa, na walimsihi Paulo awaruhusu kutoa. Na mjane wa Sarepta aliombwa mkate wa mwisho na Eliya, nabii wa Mungu. Huyo nabii naye utamweka kundi la waandishi?

Mwanzisha mada, Mbale

Katekista, hoja yako ya heshima ni nzito na sitaikwepa. Lakini isome yote. Wamakedonia waliomba wenyewe. Hakuna aliyewasomea majina. Fedha zao zilikwenda kwa maskini wa Yerusalemu, hazikwenda kwenye jengo. Na katika sura hiyohiyo, mstari wa 12 na 13, Paulo anasema sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa asicho nacho, na kwamba hataki wengine wapumzike huku wao wakilemewa.

Sarepta ndiyo inayoniunga mkono zaidi. Eliya alikula mkate ule, kisha unga haukwisha wala mafuta hayakupunguka, na mama na nyumba yake wakala siku nyingi. Nabii alikaa katika nyumba ile. Alijua pipa lina unga kiasi gani. Mtoto alipokufa, ni yeye aliyembeba mikononi na kumlilia Mungu. Nani kati ya wanaotuhubiria Sarepta anajua pipa la mama aliyetoa lina nini leo jioni?

Mama mfanyabiashara, Busia

Mimi nitasema la majina. Kwetu aliyeahidi laki tano anasimamishwa, anapigiwa makofi, anaitwa mbele kuombewa. Wa mia tano hatajwi. Mathayo 6 imekataza kupiga tarumbeta unapotoa sadaka, na sisi tunapiga kwa spika. Matokeo yake nawaambia nikiwa mwanamke wa soko: tunakopa. Mtu anachukua fedha ya kikundi cha akiba, iliyokuwa ya mtaji wa nyanya, anakwenda kutimiza ahadi ili asiaibike. Jumatatu hana mzigo wa kuuza. Mchungaji anashuhudia kwamba Mungu ametenda, na sisi kwenye kikundi tunajua nani atalipa riba. Sadaka ya hofu ya kuaibika Mungu anaipokeaje? Paulo amesema kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa.

Mstaafu wa jeshi, Gulu

Wananchi, mnazunguka. Tumesahau Kanungu? Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini wa dhehebu moja la huko waliungua ndani ya kanisa lao, na baadaye makaburi mengine yakafukuliwa. Kabla ya kufa walikuwa wameuza mashamba na mifugo, wakakabidhi viongozi fedha. Hakuna ofisi iliyowauliza viongozi wale hesabu. Serikali ikague vitabu vya kila kanisa kama inavyokagua kampuni. Na kama ni zaka, afadhali lile wazo la Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga, Mungu amrehemu, la mwaka 2018: zaka ya Wakatoliki ikatwe kwenye mshahara kama Ujerumani. Walau kutakuwa na karatasi.

Mchungaji, Jinja

Afande, heshima kwako. Lakini Rwanda mwaka 2018 makanisa kwa maelfu yalifungwa, kisha wakatunga sheria ya kudai wahubiri wawe na shahada ya theolojia. Wadogo ndio walioumia, na kwetu itakuwa hivyohivyo. Wenye majengo makubwa wataajiri mhasibu na wakili, na yule anayehubiri chini ya mwembe atafungiwa. Tena msituweke wachungaji wote katika joho moja refu. Wengi wetu tunalima ili tule. Karo ya wanangu nailipa kwa boda yangu ninayoiendesha. Bwana ameagiza waihubirio Injili wapate riziki kwa Injili, 1 Wakorintho 9. Washirika wakisoma mada hii wataacha kutoa, na hakuna mjane atakayenufaika.

Muislamu wa Bombo

Naomba nafasi kama jirani. Kwetu zaka ina kiwango chake, nisabu. Aliye chini yake hadaiwi, anapewa. Na Sura ya Tisa, aya ya 60, imetaja mafungu manane ya wanaostahiki, wa kwanza wakiwa mafukara na maskini. Sisemi kila kamati inatimiza. Nasema tu kwamba imeandikwa nani apokee, kwa hiyo mtu ana pa kuidai haki yake. Hili linawagusa wenye dini wote, na nimefurahi kuona mnalisema hadharani.

Mwanzisha mada, Mbale

Mzee wa Bombo, karibu sana. Hoja yako ya nani apokee ndiyo kiini cha yote ninayosema.

Afande, sikubaliani na kukata mshahara. Ujerumani hawakati asilimia kumi ya mshahara. Wanatoza asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato yenyewe, na asiye na kipato cha kutozwa kodi hatozwi. Tena zaka ya Torati ilikuwa ya nafaka, divai, mafuta na mifugo, na sehemu yake mwenye shamba aliila yeye na jamaa yake mbele za Bwana. Yote iko sura ileile ya 14 ya Kumbukumbu la Torati. Kanungu inaniuma kama inavyokuuma, ila watu wale walikuwa na jirani na ndugu walioona mashamba yakiuzwa. Polisi ishughulikie uhalifu. Lakini usomaji wa hesabu tunaweza kuudai wenyewe, na tuna mahali pa kusimamia: Paulo alipokusanya changizo alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akawalaumu kwa habari ya fedha ile. Kama mtume alihitaji mashahidi, paroko wetu anahitaji. Kwa sauti ileile iliyosoma ahadi, isomwe Jumapili moja kila mwezi: zimeingia hizi, zimetoka hizi, na wajane wamepata hizi.

Mchungaji wa Jinja, wewe unayeendesha boda sikukusudia kukugusa, na nadhani unalijua hilo. Lakini hofu kwamba watu wakisoma Marko 12 yote wataacha kutoa ni hofu ya kulificha Neno. Mama wa Busia hataacha kutoa. Ataacha kukopa. Barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, inaonyesha kanisa lililokuwa na orodha ya wajane, kuanzia umri wa miaka 60, wa kutunzwa na kanisa. Katika Matendo 6 manung'uniko juu ya wajane waliosahaulika katika chakula ndiyo yaliyowafanya mitume waitishe mkutano na kuchaguliwa watu saba. Makanisa yetu mengi yana daftari la ahadi. Nitajieni yaliyo na daftari la wajane.

Katekista, Kasese

Nimekusikia. Nijibu basi jambo moja la kawaida kabisa. Jumapili mama mjane ataleta kuku wake kwenye mnada. Nimrudishie?

Mwanzisha mada, Mbale

Usimrudishie. Mpokee kwa mikono miwili. Halafu wiki hiyohiyo nenda kwake na wazee wawili, ukae, uulize karatasi za kibanja ziko kwa nani, watoto wanasoma, paa linavuja. Kama amebaki na chakula, mshukuru. Kama kuku yule ndiye aliyekuwa wa mwisho, kanisa limpelekee wawili kabla ya jua kuzama, na hilo liandikwe kwenye matumizi.

Nami nina swali kwako na kwa mchungaji wa Jinja, mnijibu hapa hapa. Mkifika mkakuta karatasi ziko kwa shemeji, na shemeji huyo ni mzee wa kanisa, mtampa Meza ya Bwana Jumapili inayofuata?