Mrejesho: breki ya mbele iliyokuwa ikizama

Niliuliza kuhusu mkono wa breki ya mbele ya pikipiki: ukipampu unakuwa mgumu, ukiubana na kuushikilia unazama taratibu hadi kwenye gripu, na upepo ndani ya oili ya breki nilishatoa mara mbili. Kumbe ni raba ya pistoni ndani ya masta silinda (ile silinda ndogo kwenye mkono wa breki inayosukuma oili). Ukingo wake ulikuwa na mchubuko mwembamba kama alama ya ukucha, oili ikawa inapenya kurudi nyuma bila kuvuja nje. Silinda yenyewe ni laini, haina kutu. Ingekuwa na mashimo, raba mpya isingesaidia. Nimeweka pistoni na raba mpya, nikazipaka oili safi ya breki ya DOT 4 (grisi ya kawaida huvimbisha raba, msithubutu), nikatoa upepo upya. Nimeubana mkono dakika nzima, haujazama. Asanteni sana.