iMac ya 2013 haina waifai tangu ipandishwe Sonoma kwa OCLP: viraka vimekubali, waifai bado

mkwaju_14 aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Mashine ni iMac ya inchi 27, Late 2013 (iMac14,2), i5, kadi ya picha GTX 775M. Ilikuwa na macOS Ventura kwa OpenCore Legacy Patcher 0.6.8 (OCLP, programu ya kuweka macOS mpya kwenye Mac za zamani zilizoachwa na Apple) na waifai ilikuwa safi kabisa. Nimeipandisha macOS Sonoma kwa flashi iliyotengenezwa na OCLP mpya ya 2.x, kisha nikachomoa flashi.

Hali ilivyo sasa:

Alama ya waifai ina mkwaju juu yake na haikubali kuwashwa. System Information nayo haioneshi kadi yoyote upande wa Wi-Fi. Bluetooth inafanya kazi. Picha ni nzito, madirisha yanaburuzika, Dock imepoteza uwazi wake.

Nimeendesha "Post-Install Root Patch" ya OCLP, yaani kubandika viraka kwenye mfumo. Orodha ilionesha "Networking: Modern Wireless" peke yake, ikamaliza bila kosa, nikawasha upya, waifai bado. Intaneti yangu ni hotspot ya simu ya Android tu, hakuna rauta. Nimeunga simu kwa USB, Mac haioni kitu.

Je, kadi imekufa? Ninunue dongo (dongle) ya waifai ya USB?

---

nyaya_na_bolti:

Mkuu, usinunue chochote kwanza. Ulichoeleza kina dalili zote za kazi iliyofanyika nusu.

Kadi yako ni Broadcom BCM4360. Ventura bado ilikuwa na draiva yake, ndiyo maana hukuhitaji kufikiria waifai hata siku moja. Kwenye Sonoma Apple waliondoa draiva za kadi zote za Broadcom za rika hilo. OCLP inazirudisha, lakini kwa vipande viwili vinavyokaa sehemu mbili tofauti:

Kipande cha kwanza kiko kwenye EFI, sehemu ndogo ya diski inayotumika kuwasha mashine. OpenCore inapowasha mashine inaizuia IOSkywalkFamily (kipande cha mtandao) ya Sonoma isipakiwe, inaweka ya zamani mahali pake, na kuongeza IO80211FamilyLegacy. Hii ni kazi ya kiini cha mfumo, inafanyika kabla hata hujaona tufaha.

Kipande cha pili ndicho hivyo viraka ulivyobandika: airportd ya zamani, CoreWLAN, IO80211 na wenzake, ndani ya diski ya mfumo.

Kukiwa na kimoja bila kingine, hupati waifai. Na hapa ndipo ninapokushuku: ulichomoa flashi. Flashi ndiyo iliyokuwa na OpenCore mpya. Diski ya ndani bado ina ile ya 0.6.8 iliyojengwa kwa ajili ya Ventura, nayo haijui habari za kuibadilisha IOSkywalk. Mashine inawaka kwa sababu OpenCore ya zamani inatosha kuivusha Sonoma mlangoni. Ikishavuka, basi.

Fungua Terminal uthibitishe:

`nvram 4D1FDA02-38C7-4A6A-9CC6-4BCCA8B30102:OCLP-Version`

Halafu:

`kextstat | grep -i 80211`

Ya kwanza itakuambia toleo lililowasha mashine. Toleo la programu iliyo kwenye Applications ni habari nyingine, na wengi huyachanganya haya mawili. Ya pili lazima ioneshe IO80211FamilyLegacy. Isipokuwepo, rudia viraka mara mia, hutaona mtandao.

---

kaskazi:

Naongezea kuhusu kadi kufa. Bluetooth kuwa hai ni dalili njema lakini haitoshi. Kwenye mashine hii Bluetooth na waifai ziko kwenye kadi moja, ila Bluetooth inapita njia ya USB na waifai inapita PCIe. Upande mmoja unaweza kufa mwingine ukabaki.

Kipimo cha haraka:

`ioreg -l | grep "14e4,43a0"`

14e4 ni Broadcom, 43a0 ni BCM4360. Mstari ukitokea, mashine inaiona kadi na tatizo ni programu. Usipotokea, ndipo uanze kufikiria bisibisi.

Kipimo cha pili hakihitaji mfumo wowote: zima, washa huku umeshikilia Option, Command na R kwa kibodi ya waya. Itakuja dunia inayozunguka na kukuomba uchague waifai. Hapo kadi inaendeshwa na programu ya bodi yenyewe, Sonoma haihusiki. Ukiona majina ya mitandao ya jirani, kadi na antena ni nzima. Usiendelee mbele, zima tu, la sivyo itaanza kushusha mfumo na kukumalizia bando.

---

mkwaju_14:

Asanteni. Majibu:

OCLP-Version inasema 0.6.8. kextstat haikutoa IO80211FamilyLegacy. ioreg imetoa mstari wenye 14e4,43a0.

Kwa hiyo nyaya_na_bolti umelenga penyewe. Naijengaje upya bila intaneti, na picha nzito inahusiana?

---

nyaya_na_bolti:

Kujenga OpenCore hakuhitaji intaneti, kila kitu kimo ndani ya programu. Fuata hivi:

1. Fungua OCLP 2.x kutoka Applications. Kama huna nakala huko, iko kwenye flashi. Hakikisha juu ya dirisha imeandikwa 2.x.
2. "Build and Install OpenCore". Acha mipangilio kama ilivyo, usiguse SIP (ulinzi wa mfumo).
3. Ikimaliza kujenga, bonyeza "Install to disk", chagua diski ya ndani, kisha sehemu yake ya EFI. Hapa ndipo watu huchagua flashi kwa mazoea, soma jina na ukubwa kabla ya kubonyeza.
4. Washa upya ukiwa umeshikilia Option. Chagua "EFI Boot" yenye nembo ya OpenCore, shikilia Control ndipo ubonyeze Enter. Control inaifanya iwe chaguo la kudumu. Bila hiyo kesho mashine inaweza kurudia njia nyingine.
5. Ikiwaka, rudia amri ya OCLP-Version. Ikisema 2.x, endesha "Post-Install Root Patch" tena, "Start Root Patching", nywila, washa upya.

Kuhusu picha: ndiyo, ni ugonjwa huohuo wa nusu kazi. GTX 775M ni ya kizazi cha Nvidia kiitwacho Kepler, na viraka vya Kepler kwenye Sonoma vinahitaji kifurushi cha Apple kiitwacho Kernel Debug Kit, KDK, kinachoshushwa kutoka mtandaoni. OCLP ilipoona huna intaneti ikaweka kando viraka vya picha na kukuwekea vya mtandao pekee, ili upate waifai kwanza. Ndiyo sababu orodha yako ilikuwa na mstari mmoja. Waifai ikirudi, fungua dirisha lile mara ya tatu: utaona "Graphics: Nvidia Kepler" imejitokeza, na programu itashusha KDK yenyewe. Ni mamia ya megabaiti, usianze bando likiwa limebaki kidogo.

---

sauti_ya_feni:

Kwa wanaosoma wenye Android: Mac kutoona simu kwa USB si hitilafu. Simu nyingi za Android hutoa intaneti kwa itifaki ya RNDIS, na macOS haina draiva yake. Kuna draiva ya pembeni ya miaka mingi, ila kwenye Sonoma itakupotezea siku nzima. Achana nayo.

Ukitaka intaneti ya dharura kabla waifai haijarudi, tumia tundu la Ethernet. Kadi ya waya ya iMac hii inaungwa mkono na Sonoma bila kiraka chochote. Huna rauta? Azima laptopu ya Windows yenye tundu la waya:

Unga laptopu na hotspot ya simu kwa waifai. Bonyeza Windows+R, andika `ncpa.cpl`. Bofya kulia kwenye Wi-Fi, Properties, kichupo cha Sharing, weka tiki ya kuruhusu wengine watumie intaneti hii, na kama unaulizwa, chagua Ethernet. Chomeka kebo ya kawaida ya Cat5e kati ya laptopu na iMac, haihitaji kuwa ya kuvuka (crossover). Kwenye iMac acha Ethernet iwe DHCP, ijipatie anwani yenyewe. Ukiona anwani inayoanza na 192.168.137, umeshapata.

Ukiona 169.254, laptopu haijagawa. Mara nyingi dawa ni kuondoa ile tiki, OK, kisha kuirudisha. Windows ina tabia ya kuisahau.

Njia nyingine ni kushusha KDK kwenye kompyuta yoyote kutoka ukurasa wa wasanidi wa Apple, akaunti ya bure inatosha, ukaileta kwa flashi. Tafuta inayolingana na mfumo wako: angalia `sw_vers -buildVersion`. Ukishaisakinisha inakaa /Library/Developer/KDKs na OCLP itaiona yenyewe.

---

kaskazi:

Na hiyo dongo ya USB, swali halikujibiwa: hapana. Dongo nyingi za Realtek zinazouzwa madukani hazina draiva ya macOS ya sasa, na zile za watu binafsi zinahitaji ulegeze ulinzi wa mfumo na hazikupi AirDrop. Unaacha kiraka kinachofanya kazi na kwenda kwenye kiraka kibovu zaidi.

Kubadilisha kadi pia hakusaidii. Kadi zote za Apple zinazoingia humo ni za Broadcom zilezile zilizoachwa. Na iMac hii kioo kimegandishwa kwa tepu pande zote, ukiifungua lazima uwe na tepu mpya kabla hujaanza kukata. Kadi ina viunganishi vinne vidogo vya antena, na huwa vinang'oka mtu akivivuta kwa waya. Kifungue pale tu ioreg iliponyamaza.

---

mkwaju_14:

OCLP-Version sasa 2.x. Nimebandika viraka upya, nimewasha, alama ya waifai imejaa, mitandao yote inaonekana. KDK imeshuka, Kepler imeingia, Dock imerudi na uwazi wake.

Kasoro moja: hotspot yangu inakubali nywila halafu inakata. Hotspot ya jirani inaunga vizuri.

---

nyaya_na_bolti:

Hiyo sasa ni mipangilio iliyobebwa kutoka Ventura, draiva yako ni nzima. Jaribu kwanza kilicho rahisi: System Settings, Wi-Fi, Advanced, ondoa mtandao huo kwenye orodha, kisha uunge upya. Na kwenye simu, kama usalama wa hotspot uko WPA3 peke yake, weka WPA2.

Ikigoma, nenda /Library/Preferences/SystemConfiguration, uhamishie mezani (Desktop) `com.apple.airport.preferences.plist`, `NetworkInterfaces.plist` na `preferences.plist`. Hamisha, usifute. Washa upya, mfumo utaziandika mpya.

Angalizo dogo kwa atakayefuata maelekezo ya mitandaoni: mengi yameandikwa kwa laptopu ambako waifai ni en0. Kwenye iMac en0 ni waya, waifai ni en1. Amri kama `networksetup -setairportpower en0 off` kwako itarudisha kosa na utadhani kadi imekufa tena. Hakikisha kwa `networksetup -listallhardwareports`.

---

mkwaju_14:

Ilikuwa WPA3. Nimeweka WPA2, imeunga papo hapo. Shukrani wakuu.

---

sauti_ya_feni:

Kabla hujaondoka, zima masasisho ya kujiendesha: System Settings, General, Software Update, bonyeza ile i ndogo, zima kushusha na kusakinisha macOS. Diski ya mfumo tangu Big Sur ni nakala iliyopigwa muhuri, na kila sasisho linaleta nakala mpya iliyo safi. Viraka vyako vyote vinaondoka nayo: utaamka asubuhi huna waifai wala picha. OpenCore ya EFI inabaki, kwa hiyo safari hiyo utahitaji hatua ya tano tu, waifai kwanza na Kepler baadaye.

Jambo la pili linahusu bando. Kwa kuwa muhuri umevunjwa, Mac haitakupa sasisho dogo, itashusha mfumo mzima, takriban GB 13. Panga usiku wa bando la bei rahisi.

Utaratibu wa kila mara: sasisha OCLP, jenga OpenCore kwenye diski ya ndani, washa upya, ndipo usasishe macOS. Watu huanza na mwisho. Na ukiona macOS Tahoe inajitangaza kwenye Software Update, ipite. OCLP 2.4 haiiungi mkono.

---

kaskazi:

Amri ya kuangalia SIP, `csrutil status`, ikikuambia "unknown" na "Custom Configuration" usishtuke wala usiirekebishe. OCLP yenyewe imelegeza Kext Signing na Filesystem Protections ili viraka vikae. Ukienda Recovery na kuandika `csrutil enable`, utarudi hapa wiki ijayo na uzi mpya.