Pinboli mbili za zamani zimekarabatiwa: niuze hapa Mombasa, nipeleke Nairobi au niweke hotelini?

FundiKibokoni
Asalaam aleikum wanabaraza. Nina mashine mbili za pinboli za zamani, yale masanduku ya mchezo ya kutumbukiza sarafu ambayo unapiga gololi chini ya kioo kupata alama, na nimezikarabati mwenyewe. Taa zinawaka zote, kengele zinalia, gololi inapigwa inarudi bila kukwama popote. Kuzitengeneza nimeweza, kuziuza ndiko kumenishinda mpaka sasa. Nimezitangaza mtandaoni, watu wanaandika "mashallah, kazi safi", halafu hakuna anayekuja kuziona.

Kuna dalali wa Nairobi anataka nizipakie kwenye lori kwanza, pesa atanipa zikishanunuliwa. Kuna meneja wa hoteli moja upande wa Nyali anasema nizilete kwake tugawane mapato. Roho yangu mimi inataka mnunuzi wa hapa hapa Mombasa, niwe naweza kwenda kuziangalia zikileta shida. Karakana imejaa na mwenye nyumba analalamika. Nishaurini, ipi afadhali?

MzeeWaMakupa
Waleikum salaam. Kampuni hujataja, mwaka hujataja, bei hujataja, picha hakuna. Pinboli ya 1965 na ya 1992 hazinunuliwi na mtu mmoja. Tutalinganishaje?

NyaliPwani
Hoteli bila kusita. Msimu wa kaskazi hoteli zimejaa wageni waliocheza hizi vitu ujanani. Nairobi utazipeleka usizione tena.

StimaShimanzi
Kabla ya hoteli, sema kwanza ni za relei, yaani swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme, au za bodi. Zile za kabla ya miaka ya mwisho ya sabini ndani hamna kompyuta kabisa: relei, koili, mota moja, na magurudumu ya namba yanayozunguka kuhesabu alama. Zilizofuata zina bodi za elektroniki. Halafu umeme. Zilizotoka Chicago kwa soko la Marekani ni volti 115 na mzunguko wa umeme wa 60 kwa sekunde. Sisi hapa ni 240 na 50. Umefanyaje hapo?

FundiKibokoni
Haya, maelezo. Moja ni ya kampuni ya Gottlieb, Royal Flush ya 1976, relei tupu. Nyingine ni Bally, Eight Ball ya 1977, hiyo ina bodi. Zote zilikuwa stoo ya klabu iliyofungwa zamani, na karatasi ya kuuziwa ninayo.

Royal Flush niliikuta raba zote za kudundia gololi zimeoza, pointi za swichi zimeshika ukijani wa chumvi, miguu imeliwa na kutu. Rangi ya ubao wa kuchezea ilikuwa imebanduka karibu na flipa, vile vibao vya kupigia gololi, pale gololi inapopita kila mara. Nilikaa na fundi anayeandika mabango tukaichora upya kidogo kidogo, kisha vanishi juu. Kioo cha nyuma, kile chenye picha kichwani mwa mashine, wenye kujua wanajua: picha imechapwa upande wa ndani, ukiipangusa kwa kitambaa kibichi imekwenda. Sikuiosha, nilipuliza vanishi ya kuishika tu. Eight Ball betri ilikuwa imevuja juu ya bodi, nimeing'oa na kulehemu njia zilizoliwa. Raba na vipande vingine niliagiza nje, na usafiri wake na kodi vilikula pesa kuliko vipande vyenyewe.

Bei: Royal Flush laki tatu na nusu, Eight Ball laki nne. Umeme natumia transfoma ya kushushia.

StimaShimanzi
Kazi ya betri umeifanya sawasawa. Bodi za Bally za miaka hiyo betri ililehemiwa juu yake moja kwa moja, na ikivuja inaua bodi nzima. Mnunuzi anayejua atakuuliza hilo kabla ya bei, kwa hiyo piga picha ya bodi ilivyo sasa uiweke kwenye tangazo.

Lakini ile transfoma ya kushushia inapunguza volti tu, mzunguko unabaki 50. Mota ya Royal Flush itakwenda polepole kidogo na transfoma yake ya ndani itapata moto zaidi. Nyumbani hutaliona, hotelini ikiwashwa kutoka asubuhi mpaka saa sita usiku utaliona. Kwenye Eight Ball fungua uangalie kama transfoma ya ndani ina ncha za volti 230, maana mashine hizi ziliuzwa Ulaya pia. Ikiwa zipo, unganisha hapo na ulitupe hilo sanduku la pembeni. Mashine inayochomekwa ukutani moja kwa moja inauzika. Yenye sanduku zito na waya mbili mbili inamtisha mtu.

DalaliMwembeTayari
Mimi nauza fanicha na vitu vya kale, nitasema kweli hata ikiuma. Mnunuzi halipii saa zako za kulehemu. Analipia kumbukumbu yake. Marekani, Ufaransa, Ujerumani kuna mtu wa miaka sitini ambaye alicheza Royal Flush akiwa shule, anaiona tu mkono unaingia mfukoni. Hapa kwetu waliozicheza ni mabaharia, wazungu wa vilabuni na wachache waliobahatika. Kijana wa Kisauni anaiona mara ya kwanza kwenye tangazo lako. Anaipenda, lakini kupenda si kununua.

Na hata huko nje wakusanyaji wengi wanakimbilia za miaka ya tisini. The Addams Family ya 1992 zilitengenezwa zaidi ya 20,000, inaongoza kwa mauzo katika pinboli za bodi, na bado watu wanaipandishia bei. Za relei ni nzuri kuliko zote kwa macho na kwa sauti, lakini bei zake ziko chini. Kwa hiyo laki tatu na nusu unaijengea juu ya jasho lako, na soko halijui jasho lako.

Ushauri: Nairobi, ila kwa mnunuzi anayejulikana, si kwa dalali wa "pakia kwanza". Mimi ni dalali na nakwambia usimpakizie.

MamaTudor
Mimi ndiye yule mnunuzi wa hapa mnayemtafuta, kwa hiyo nisikilizeni. Nina sehemu ya michezo: meza za puuli, PlayStation, vinywaji baridi. Niliona tangazo la ndugu Fundi nikalisoma lote. Sikupiga simu, na sababu ni hizi.

Meza ya puuli kitambaa kikichanika, fundi anapatikana siku hiyo hiyo. Stima ikipotea watu wanaendelea kucheza. Pinboli ikisimama Ijumaa jioni nampigia nani? Fundi mwenyewe, na Fundi akisafiri je? Halafu tundu la sarafu ni la robo dola. Shilingi yetu inaingia hapo?

La pili ni kile kioo cha Royal Flush chenye picha ya karata. Majirani zangu ni watu wa msikitini, na hawajasahau zile mashine za kutumbukiza sarafu zilizojaa vibandani mpaka serikali ikazikusanya na kuzichoma. Watoto wa shule walimaliza nauli zao pale. Nikiweka sanduku lenye taa, kengele na picha ya karata, kabla sijaeleza chochote tayari nimeshaitwa mchezesha kamari. Eight Ball ina picha ya puuli, hiyo ningeweza kuifikiria.

MpwaWaDiani
Hoteli? Ngoja niwaeleze yaliyonikuta, na hoteli siitaji.

Nilikuwa na Williams, Space Mission ya 1976, niliyonunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Nikaisafisha, nikabadilisha koili za flipa, nikanyoosha swichi moja moja. Meneja wa hoteli ya ufukweni akaiona, akafurahi kweli, tukakubaliana nusu kwa nusu. Maandishi yalikuwa karatasi moja, imesema mapato tu. Haikusema mashine itakaa wapi, nani ataishika, nani atalipa ikivunjika.

Mwanzo ilikwenda vizuri sana. Wageni wa Kijerumani walikuwa wanapanga foleni, wazee wazima wanashangilia. Halafu wakaihamisha kutoka ukumbini kwenda baa ya ufukweni, kwa sababu wageni wa ukumbini walitaka utulivu. Baa haina ukuta. Upepo wa bahari unaingia usiku kucha, mchanga unaingia kwa miguu ya watu, na mtu akiweka bia juu ya kioo hakuna wa kumkataza. Ndani ya msimu mmoja pointi zote zikashika chumvi, alama zikawa zinaruka. Nikaenda kuzisafisha, nikarudi tena, na tena, kwa nauli yangu.

Masika ilipoanza hoteli ikafunga sehemu kubwa. Meneja akahamishiwa kwingine. Aliyekuja hakuwa na habari yangu. Nilipokwenda nikaikuta chumba cha dobi, imesimamishwa kwa ubavu, miguu imefunguliwa haijulikani iko wapi, kioo cha nyuma kimepasuka katikati. Kile kioo ndicho sura ya mashine. Bila kioo unabaki na sanduku la mbao. Nikadai fidia, wakaniambia nilete mkataba unaosema kioo kilikuwa kizima siku nilipoileta. Nikauza vipande: koili, transfoma, magurudumu ya namba, kila kimoja kwa mtu wake. Mpaka leo ikinijia inaniuma, kwa sababu ile mashine ilikuwa hai.

Kwa hiyo Fundi, kama ni hoteli: wakulipe kodi ya mwezi mbele, isiwe mgao. Ikae ndani ya ukuta. Picha za kila upande zipigwe siku ya kukabidhi na zitiwe saini.

NyaliPwani
Pole sana ndugu, lakini hiyo ni hoteli moja na meneja mmoja. Hoteli zote si hivyo.

MpwaWaDiani
Chumvi ya bahari ni ile ile hoteli zote.

MwalimuKisauni
Nirudi kwa Mama Tudor. Hofu yake ina haki, na si ya Mombasa peke yake. New York waliipiga pinboli marufuku mwaka 1942, meya wao Fiorello La Guardia akapigwa picha akizivunja kwa nyundo. Na kwa wakati ule hakukosea sana, maana pinboli hazikuwa na flipa. Unavuta springi, gololi inashuka inakotaka, mtu anabahatisha. Flipa zilikuja 1947 na Humpty Dumpty ya Gottlieb, na hapo ndipo ikawa mchezo wa mkono na jicho. Marufuku iliondolewa 1976, mwaka ule ule wa Royal Flush yako, baada ya mwandishi Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani na kutaja mapema gololi itapita wapi. Ikapita. Mchezo wa ustadi na kamari ni vitu viwili.

MzeeWaMakupa
Mwalimu, historia nzuri, lakini mama yule anakaa Tudor. Askari akija na chifu jioni utamsomea habari za madiwani wa New York? Sanduku linalokula sarafu ni sanduku linalokula sarafu.

MwalimuKisauni
Basi liache kula sarafu. Zipo njia za kuweka mchezo wa bure, mtu analipa kaunta kwa muda kama anavyolipa PlayStation. Hakuna zawadi ya pesa, hakuna sarafu, kamari iko wapi?

MzeeWaMakupa
Ile Royal Flush mtu akifikisha alama fulani inampa mchezo wa bure. Wapo wanaosema hiyo nayo ni zawadi.

StimaShimanzi
Hiyo inazimwa kwa kurekebisha plagi ndani ya sanduku. Msigombane.

FundiKibokoni
Shukrani wote. Mama Tudor, la kulipia kaunta naliweza, nitaifunga sehemu ya sarafu kabisa. Na nikiuza Mombasa niko tayari kuandika kwamba nitakuja kuitengeneza mwaka mzima, mnunuzi alipe vipande tu. Hilo Nairobi siwezi kulifanya, ndiyo maana navutika kubaki hapa. Bei ya Eight Ball naweza kuzungumza. Royal Flush sishuki, ile michoro ya ubao imenitoa macho.

DalaliMwembeTayari
Hiyo huduma ya mwaka ndiyo unayouza, ndugu yangu. Iandike juu ya tangazo kabla ya jina la mashine. Na usiziuze pamoja, mnunuzi wa moja si mnunuzi wa nyingine.

MamaTudor
Eight Ball nitakuja kuiona, sijasema nanunua. Nataka kuiona ikiwaka tangu mchana mpaka jioni, mfululizo. Na kuleta kwangu ni juu ya nani? Kilo mia na zaidi hiyo.

KapteniLikoni
Kibokoni mpaka Tudor ni mkokoteni na mahamali wanne, kichwa kifunguliwe kilazwe, kioo kibebwe mkononi na mtu peke yake. Kama ingekuwa inakwenda Diani ningesema usipite feri nayo, ile kupanda na kushuka inagonga sana. Zunguka Dongo Kundu.

NyaliPwani
Dongo Kundu ni mbali, mafuta utalipa wewe? Feri asubuhi mapema haina shida.

KapteniLikoni
Nimevusha friji na vitanda miaka mingi. Kitu chenye kioo mimi sikivushi.

MpwaWaDiani
Fundi, swali pembeni. Ile fremu ya Space Mission bado ninayo na ubao wake wa kuchezea ni mzima. Yule fundi wako wa mabango anaweza kuchora kioo cha nyuma kipya kabisa kwa kufuata picha?

FundiKibokoni
Kuchora anaweza, tatizo ni kuchora kinyume kwa upande wa ndani na kuacha sehemu za taa zipenye mwanga sawa. Lete vipimo na picha kubwa. Niko karakana baada ya Alasiri.

StimaShimanzi
Mkikutana niambieni nije. Nina magurudumu ya namba ya Williams kwenye kopo, sijui ni ya mashine gani.