Nilimwambia nyanya "kwako ni kweli, kwangu ni kweli". Nimeharibu imani yangu?

BintiManyatta, Kisumu

Assalamu alaykum. Naomba msaada, na tafadhali asinijibu mtu kwa kunikaripia.

Nasoma falsafa mwaka wa pili. Muhula huu tumefundishwa relativisimu, yaani kwamba hakuna ukweli ulio juu ya watu wote. Kila jamii ina wake, pengine kila mtu ana wake, na hakuna mizani ya nje ya kuupimia. Mhadhiri alianza na Protagoras, yule Mgiriki aliyesema mtu ndiye kipimo cha vitu vyote. Darasani niliona ni mjadala tu. Likizo ndiyo iliyonitia taabani.

Mama yangu alisilimu alipoolewa. Nyanya, mamake, yuko Yala na ni Muanglikana tangu utotoni. Kila nikienda kwake humfunga kuku miguu, akamtia kwapani na kwenda naye hadi sokoni kwa kijana Mwislamu amchinje. Ana sufuria yangu, ameipiga alama ya msumari ukingoni, na haijawahi kupikiwa kitu nisichokula. Safari hii tulikuwa tunachambua omena, akaniuliza bila kuinua uso: "Nyakwara (yaani mjukuu wangu), wewe unaamini nimepotea?"

Nilishtuka. Nikamjibu, "Hapana, nyanya. Kwako ni kweli na kwangu ni kweli." Akaendelea na omena zake.

Tangu siku hiyo nikisujudu najiuliza: kama ni kweli kwangu tu, ninapotamka shahada nasema nini hasa? Na nikilikana neno lile, si ndiyo nimemwambia nyanya amepotea?

MwalimuMumias

Wa alaykum salaam, mwanangu. Swali lako ni la zamani kuliko chuo chako.

Imamu Nasafi, aliyefariki mwaka 1142, anafungua matini yake ya itikadi kwa kusema kuwa uhakika wa vitu umethubutu na kuujua kunawezekana, kinyume cha wasemavyo masofista, wale wanaokana kuwa kuna uhakika unaoweza kujulikana. Bado hajafika kwenye sifa za Mwenyezi Mungu, hilo ndilo la kwanza. Washereheshaji wakawagawa masofista makundi, na moja wakaliita Indiya, kutokana na neno la Kiarabu "inda": watu wa "kwangu mimi". Neno ulilomwambia nyanyako lina jina katika elimu yetu, na lilikataliwa mlangoni. Shahada ni ushahidi. Shahidi akiambia mahakama "kwangu mimi gari lilikuwa jekundu", hakimu atamuuliza: lilikuwa jekundu au halikuwa?

Wengi watakuletea "Nyinyi mna dini yenu, nami nina dini yangu". Isome sura yote ya 109 ya Qur'ani. Mwanzoni mwake inasema "siabudu mnachokiabudu". Inatenganisha njia, haisemi zote ni sawa.

Usiku mmoja matatu ilituharibikia kati ya Luanda na Maseno, giza totoro, mawingu, simu zimezima. Tulikuwa Waislamu wawili. Mimi nikaona kibla ni huku, mwenzangu akashikilia kule. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, inasema wawili waliohitilafiana hivyo kwa ijtihadi, yaani kila mmoja kwa juhudi yake ya kutafuta lililo sahihi, hakuna anayemfuata mwenzake kama imamu. Basi kila mmoja aliswali isha peke yake, hatua tatu kutoka kwa mwenzake, na hakuna aliyemwita mwenziwe kafiri. Kulipopambazuka tukaona. Kutoka huku kwetu Makka iko kaskazini, inapinda mashariki kidogo tu. Yeye alikuwa ameelekea mashariki kabisa. Akairudia swala yake, kama tunavyofundisha sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Usiku kucha Kaaba ilikuwa pale pale ilipo, kwake na kwangu.

Sasa lililokuumiza. Umeyafunga pamoja maswali mawili. "Haki ni ipi?" ni swali moja. "Nyanya atafanywa nini kesho akhera?" ni jingine kabisa. La kwanza umeitwa ulitolee ushahidi. La pili hukuajiriwa kulihukumu. Qur'ani 17:15 inasema Allah haadhibu mpaka atume Mtume, na Imamu Ghazali alieleza kuwa wasiofikiwa na ujumbe, au waliofikiwa na habari zilizopotoshwa, wana udhuru. Nyanyako amefikiwa na nini, kwa namna gani, moyoni mwake kuna nini? Mimi sijui, wala wewe.

FundiBondeni, Nakuru

Maalim, nakubali, lakini tusimfanye binti aogope kila tofauti. Imamu Shafii alikuwa na rai zake za Baghdad, akahamia Misri akabadilisha nyingi. Ghazali huyo huyo aliona kwamba katika matawi ya sheria yasiyo na dalili ya mkato, kila mujtahidi, yaani mwanachuoni aliyefanya ijtihadi, amepatia. Matumizi ya mke nayo hupimwa kwa uwezo wa mume na desturi ya mahali. Ya Nakuru si ya Wajir. Mhadhiri ameona kitu cha kweli. Amekibeba tu hadi pasipo pake.

MamaWawili, Kendu Bay

Mwanangu, Asmaa binti Abubakar alitembelewa na mamake ambaye bado alikuwa mshirikina, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama aunge naye udugu. Akaambiwa aunge. Hakuambiwa kwanza amwambie dini zao ni sawa. Mimi wakwe zangu wote ni Waadventista, najua uzito wa swali lile. Usimwache nyanya na jibu la darasani.

BintiManyatta, Kisumu

Jana jioni nimempigia. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia, "Nyanya, siku ile sikukujibu kwa moyo wangu. Naamini Uislamu ni haki, kwangu na kwako pia. Mungu atakavyokuhukumu sijui, si kazi yangu."

Alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Mimi nami kila usiku nakuombea umrudie Yesu. Nilikuwa naona haya kukuambia." Akaniuliza ninakuja lini, kuna jogoo amemtenga.

Naenda Jumamosi, inshallah.