Kiuno kinatulia wakati wa mbalamwezi tu: naombeni ushauri

Mleta mada (Kibirizi, Kigoma)
Wakubwa zangu shikamooni. Nina miaka 46, nanunua dagaa mwaloni na kuwaanika mwenyewe mchangani. Tangu mwaka jana kiuno kinaniuma karibu kila siku, na asubuhi hunichukua muda kabla sijaweza kuinama kuvaa ndara. Picha ya eksirei haikuonyesha tatizo. Nikapewa diklofenaki, iliyonituliza hadi tumbo lilipoanza kuwaka moto. Kuchuliwa kwa mafuta ya mise (ya kokwa za mchikichi) hunipa nafuu ya siku mbili, kuumikwa kumeniachia alama tu, na sasa nafunga mkanda wa kiuno.

Hospitalini nilifundishwa zoezi: nalala chali mkekani, nakunja magoti, nainua makalio taratibu, nahesabu hadi tano, kisha nashusha. Siku za mbalamwezi, mitumbwi isipoenda ziwani, nalifanya hata mara 40. Giza likirudi na kazi ikianza, kiuno kinashika upya nami naliacha. Je, zoezi hili halinifai?

Mchangiaji (Ujiji)
Pole sana, mwanangu. Nimeshona cherehani maisha yangu yote, na mkanda huo niliuvaa hadi nikawa siwezi kuketi bila kuufunga. Kuchuliwa usikuache, ila mkandaji asikukanyage mgongo kwa miguu, kama wengine wanavyopenda kufanya.

Mchangiaji, mtaalamu wa tiba ya viungo (Tabora)
Dada, kwanza nijibu: je, una ganzi sehemu za siri, mguu kulegea, mkojo kukutoka bila kujua, homa au kukonda? Ikiwa lipo hata moja, rudi hospitali leo. Diklofenaki usiimeze tena kabla ya kumweleza daktari habari za tumbo.

Kama hayapo, zoezi halina kosa. Kosa liko kwenye kalenda yako. Unafanya mara 40 ukiwa umepumzika, halafu unaacha kabisa wiki ambazo mwili unaubebesha mzigo, kwa hiyo misuli haipati nafasi ya kuzoea. Anza na mara 8 kila siku, mbalamwezi na giza, hata siku ambayo kiuno kinauma kidogo, na uongeze mbili tu kila wiki. Maumivu yaliyopita miezi 3 huitwa sugu, na mara nyingi hayamaanishi kwamba kuna kitu kinachovunjika ndani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi, unaruhusu kukandwa, na haupendekezi mikanda. Zaidi ya hayo, anika kwenye chanja inayofika kiunoni, maana kuinama mchangani kwa saa nzima kunafuta kazi ya mkeka.

Mleta mada
Nashukuru sana. Dalili hizo sina hata moja. Mbao za chanja sijazimudu, lakini jirani yangu ana chanja ndefu ambayo upande mmoja hubaki wazi, nami nitamwomba tuchangie. Leo ni giza, mitumbwi imeshatoka. Nimefanya nane na nikaishia hapo, ingawa nilitamani kuendelea.