Kuutuliza mtumbwi mdogo ziwani wakati wa kuvua kwa ndoana

Mshipi Mrefu

Waungwana, nimezoea kuvua kwa ndoana nikiwa ukingoni, na sasa nina mtumbwi mwepesi wa mita 4 na ushei, wenye viti viwili, ambao mara nyingi ninautumia peke yangu. Mtu akiwa ukingoni husimama mahali pamoja akamngoja samaki apite. Mtumbwini, chambo hakijatua chini nami nimekwisha kusogezwa, mshipi umelala mshazari, na siwezi kutambua kama kinachovuta ni samaki au ni mtumbwi wenyewe. Upepo ambao nchi kavu nisingeujali hutosha kunigeuza mzimamzima.

Ninaomba kuelezwa nanga ifungwe wapi, kwa kuwa ubavuni ndiko mkono unakofika bila mimi kuinuka, lakini nikifikiria kamba ikivuta upande mmoja ninasita. Ningependa pia kujua mtu aliye peke yake akae kiti kipi, na kama kuna faida ya kupiga kafi hadi katikati ya ziwa, kwenye kina kikubwa, badala ya kubaki karibu na matete.

Kafi Kavu

Kusita kwako kuna sababu. Nanga ya mtumbwi haifungwi ubavuni kamwe. Mtumbwi uliofungwa kwa ubavu huyapokea mawimbi kwa urefu wake wote, na kwa kuwa kamba inauvuta ukingo uleule kuelekea chini, kila wimbi linalojaribu kuuinua huongeza mvuto huo mpaka maji yaanze kuingia. Yakishaingia, hukimbilia upande ulioinama, na hapo kupinduka hakuchukui muda. Funga nanga kwenye omo, yaani ncha ya mbele, au kwenye tezi, yaani ncha ya nyuma, ili mtumbwi uuelekezee upepo ncha yake na kuyapasua mawimbi.

Ugumu ni kwamba mtu aliye peke yake hawezi kutambaa hadi nchani bila chombo kwenda mrama. Hapo ndipo kamba ya mzunguko inaposaidia. Funga kapi dogo nchani na jingine karibu na kiti chako, pitisha kamba nyembamba katika makapi yote mawili ili ifanye duara, kisha ifungie pete ambayo kamba ya nanga itapita ndani yake. Unaishusha nanga ukiwa umeketi, halafu unaivuta kamba ya mzunguko mpaka pete ifike nchani. Ukitaka kuondoka, unairudisha pete kwako na kuipandisha nanga.

Urefu wa kamba ndio ambao wengi huufanyia ubahili. Nanga ndogo haishiki kwa uzito wake, bali kwa kuvutwa ikiwa imelala, na kamba iliyosimama wima huing'oa badala ya kuikaza. Penye kina cha mita 4, achia angalau mita 12, na upepo ukizidi, fika mita 20 au zaidi. Nanga ya kukunja ya kilo 1.5 hadi 2 huutosha mtumbwi wa aina yako. Sakafu ikiwa ya mawe, funga kamba kwenye kitako cha nanga, kisha uishikize kwenye pete ya juu kwa uzi dhaifu. Nanga ikinasa, vuta kwa nguvu, uzi utakatika na nanga itatoka kinyumenyume. Mwisho wa kamba ulio kwako ufungwe kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja na uwe na boya, ili siku ya dharura uiache nanga yote na kuifuata baadaye.

Tezi na Omo

Kuhusu nanga sina la kupinga, ila naona imepewa heshima kubwa mno, kwa sababu nusu ya tatizo la ndugu yetu imo mahali anapokaa. Bila shaka anakalia kiti cha tezi, kama wafanyavyo karibu wote wanaopanda mtumbwi wa viti viwili bila mwenzao. Uzito wote ukiwa nyuma, sehemu ya mbele huinuka juu ya maji, hushikwa na upepo kama tanga, na mtumbwi huzunguka bila kujali unapiga kafi namna gani.

Ikiwa ncha zote mbili za mtumbwi wako zinafanana, kaa kiti cha mbele huku umegeukia upande wa tezi. Kiti hicho kwa kawaida kiko karibu zaidi na katikati, hivyo iliyokuwa tezi inakuwa omo na uzito unagawanyika vizuri zaidi. Kama kiti hakiruhusu, weka dumu la maji mbele na ulifunge lisiteleze. Ukienda dhidi ya upepo, sogeza uzito kidogo mbele. Ukienda nao, urudishe kidogo nyuma. Mawimbi yakianza kusumbua, shuka kitini upige magoti sakafuni, magoti yakiwa yametanuka, kwa kuwa kushuka huko kidogo tu hubadilisha tabia ya chombo kizima. Kusimama ili kutupa ndoana mbali zaidi ni tamaa isiyo na faida, hasa mtu akiwa peke yake.

Mimi nanga naitumia mara chache. Upepo ukiwa wa wastani, napendelea kuuacha mtumbwi uelee polepole, huku ncha moja ikiburuta ndoo ndogo yenye kamba, au mfuko wa turubai wenye mdomo mpana, ambao hujaa maji na kupunguza mwendo. Chambo kinachoburutwa chini kitupwe upande upepo unakotoka, maana ukikitupa upande wa pili mtumbwi utaupita mshipi juu kwa juu na kuuburuta chini ya sakafu yake. Chambo bandia cha kutupa na kuvuta kina kanuni iliyo kinyume: kitupe mbele ya njia ya mtumbwi, kwenye maji ambayo bado hujayapitia.

Mlinda Matete

Nitajibu lile la kina. Katikati ya ziwa kuna maji mengi, lakini wingi wa maji si wingi wa samaki. Jua likilipiga ziwa kwa muda mrefu, maji hujipanga kwa matabaka: ya juu yenye joto na mepesi, ya chini yenye baridi na mazito, na kati yao ukanda mwembamba ambamo joto hushuka ghafla. Katika ziwa lenye rutuba nyingi, tabaka la chini hukosa hewa mpya huku mabaki yanayooza yakiimaliza oksijeni iliyokuwepo, kwa hiyo chambo kilichoshushwa hadi sakafuni kinaweza kuwa mahali ambapo samaki hawezi kukaa. Afadhali kutafuta mipaka: ukingo wa matete, mahali sakafu inapoporomoka ghafla, mti uliozama, mdomo wa kijito. Mtumbwi mwepesi hupita kwenye maji yasiyofika magotini, na huo ndio ubora wake ambao boti kubwa hazina.

Upepo nao si adui tu. Husukuma maji ya juu pamoja na vijidudu vinavyoelea hadi ufuo unaoupokea, dagaa huvifuata, na samaki wakubwa huwafuata dagaa. Ukiona mistari ya povu iliyojipanga sambamba kuelekea uendako upepo, ivulie: ni mahali ambapo mikondo miwili ya maji hukutana na kukusanya kila kinachoelea. Irving Langmuir, aliyewahi kupata Tuzo ya Nobel ya kemia, ndiye aliyeieleza mistari hiyo mwaka 1938.

Kafi Kavu

Mlinda Matete ameeleza sawasawa walipo samaki, lakini ufuo unaoupokea upepo ndio mahali pabaya kuliko pote kwa mtumbwi wa mita 4. Wimbi hukua kadiri upepo unavyosafiri juu ya maji yaliyo wazi, na linapofika ufuo huo limekwisha kukomaa, nawe unasukumwa kuelekea mawe au kisiki. Ningetafuta rasi ndogo ambayo upande mmoja unapigwa na upepo na wa pili umekingwa, kisha nikakaa kwenye kona yake, ndani ya kinga, nikitupa kuelekea maji yanayochafuka.

Safari ianze dhidi ya upepo, ili ukichoka urejee ukiwa unasukumwa. Katika kipimo cha Beaufort, kinachopanga nguvu za upepo kwa madaraja, vilele vya mawimbi huanza kuvunjika upepo ukifika daraja la 3, yaani kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Kwangu mimi, povu jeupe la kwanza ndiyo amri ya kurudi. Jaketi la kujiokolea livaliwe, lisikaliwe, kwa kuwa anayetumbukia katika maji baridi hupoteza udhibiti wa pumzi yake katika dakika ya kwanza na hana nafasi ya kulitafuta. Mtumbwi ukipinduka, ung'ang'anie badala ya kuogelea kuelekea ufuo unaoonekana karibu. Radi ikisikika, toka majini, na usirudi kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho.

Mshipi Mrefu

Nashukuru, hasa kwa habari ya kiti, maana ndicho hasa ninachokikalia. Limebaki moja: samaki mkubwa akinasa, nami nimepiga magoti peke yangu, nimwingizeje bila kuinamisha mtumbwi?

Tezi na Omo

Mwache auvute mtumbwi. Chombo chepesi humfuata samaki na kumchosha, na kama ulikuwa umetia nanga, hapo ndipo boya na fundo la kufunguka vinapolipa gharama yake. Jitahidi mvutano uwe kuelekea ncha, si ubavu, na fimbo uishushe. Fimbo ya mita 1.8 hadi 2.1 inatosha, fupi kuliko hapo haiwezi kuizunguka ncha samaki anapopita chini ya mtumbwi, na ndefu zaidi humweka samaki mbali na mkono wako.

Akishachoka, mlete karibu na goti lako, uzamishe wavu wa mkono kwanza, kisha umvutie juu yake. Kichwa chako kisivuke ukingo wa mtumbwi. Mkono ndio unaotoka nje, mabega yanabaki ndani. Ndoana isiyo na kijino hurahisisha kumwachilia, na vilevile kuitoa kidoleni mwako, jambo linalotokea zaidi kwenye chombo kinachoyumba. Tandika pia mkeka au kipande cha zulia sakafuni, kwa sababu sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na koleo likidondoka juu ya mbao tupu, samaki wa jirani wamekwisha kupata habari. Koleo hilo, kisu na wavu vifunge kwa kamba fupi kwenye kiti, lakini kamba zisiwe ndefu kiasi cha kuweza kukuzunguka mguu.