Huduma kwa wateja waliniambia nifute folda ya Installer, sasa programu yao haisasishiki wala haiondoki

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Diski ya kompyuta yangu ni ya gigabaiti 128 tu, na juma lililopita ilijaa kabisa ilhali picha na video zote nilishazihamishia kwenye diski ya nje. Nilipofuatilia nikakuta folda iliyofichwa ya C:\Windows\Installer imebeba gigabaiti 31. Ndani yake mmejaa faili za .msi (visakinishi, yaani faili za kuwekea programu) na .msp (viraka, yaani masasisho yake) zenye majina ya herufi na tarakimu zisizo na maana, na nilipofungua sifa za zile kubwa, karibu zote zilikuwa viraka vya programu moja ya kusomea nyaraka, kiraka juu ya kiraka.

Nikawaandikia watengenezaji wake. Jibu la huduma kwa wateja lilikuwa sentensi moja: nifute kila kilichomo. Nikafuta faili zao zote, na tangu hapo, kila nikijaribu kuisasisha au kuiondoa programu hiyo, inadai faili ya .msi ambayo haipo tena.

Folda ile si jalala. Windows huweka humo nakala za visakinishi ili baadaye iweze kurekebisha, kusasisha au kuondoa programu, na Microsoft wenyewe wanaonya kwamba zisifutwe kwa mkono. Inakuwaje mtu anayelipwa kuhudumia wateja asilijue hilo? Zimo faili yatima, ndiyo, ambazo hakuna programu inayozihitaji tena, lakini hazitambuliki kwa jina wala kwa tarehe. Ni lazima zilinganishwe na rejista ya Windows (hifadhidata ya mipangilio yake), na hata hapo ni salama zaidi kuzihamishia kwanza diski nyingine na kusubiri majuma kadhaa.

Wangeweza kunielekeza kwenye visakinishi nilivyopakua mwenyewe, ambavyo kwa kawaida havina kazi tena programu ikishasakinishwa, au kwenye Windows.old, folda ya toleo la awali la Windows, ambayo kifaa cha Windows cha kusafisha diski huiondoa vizuri mradi huna nia ya kurudi toleo la zamani. Huko peke yake nimepata gigabaiti 14, baada ya kuharibikiwa.

Nimewaomba kisakinishi cha toleo lilelile nililonalo, kwa kuwa Windows ikikosa nakala yake huomba chanzo cha awali. Wamenitumia toleo jipya, nalo linagoma kusakinishwa kwa sababu la zamani halijaondoka.